Gemu inayojifunga kabla ya kufunguka: kisa cha MSVCP140.dll iliyosahaulika kwenye folda

Ukibofya Play kwenye Steam, kitufe kinageuka kuwa Stop, na baada ya sekunde mbili tatu kinarudi kuwa Play. Hakuna dirisha, hakuna sauti, hakuna ujumbe wa kosa. Kompyuta ni nzima: Windows 11, RAM ya GB 16, kadi ya grafiki ya NVIDIA, SSD yenye nafasi ya kutosha, na gemu nyingine zote zinafunguka. Gemu yenyewe ni ya biti 64, imejengwa kwa Unreal Engine, na ilikuwa ikichezwa bila shida mpaka iliposhusha sasisho jipya. Tangu hapo haijafunguka hata mara moja, na mwenye kompyuta ana hakika hakugusa chochote.

Kabla ya uchambuzi kuanza, mengi yalikuwa yameshajaribiwa. Mafaili ya gemu yalihakikiwa kwa "Verify integrity of game files" na Steam ikasema yako sawa. Gemu iliondolewa ikapakuliwa upya. Draiva ya kadi ya grafiki iliwekwa mpya. Kifurushi cha Visual C++, chenye maktaba za Microsoft ambazo programu nyingi huzitegemea, kilisakinishwa tena. Gemu ilifunguliwa kwa "Run as administrator", ikafunguliwa kwa hali ya utangamano ya Windows 8, antivirus ikazimwa. Dalili haikubadilika hata kidogo.

Kutobadilika huko tayari ni taarifa. Dawa saba tofauti zikishindwa kwa namna ileile, sababu imekaa mahali ambapo hakuna hata moja kati yake inayofika. Kwa hiyo kazi iliyobaki ni kupatafuta mahali hapo, si kuongeza dawa ya nane.

Windows ilikuwa imeshaandika

Programu ikianguka kwenye Windows, mfumo kwa kawaida huacha rekodi hata kama kwenye skrini hakukuonekana kitu. Bonyeza Windows+R, andika eventvwr.msc, fungua Windows Logs, kisha Application. Tafuta mstari wenye alama nyekundu ya Error ambao chanzo chake ni Application Error na namba ya tukio ni 1000, na saa yake inalingana na wakati ulipobofya Play. Anayetaka njia ya mkato afungue PowerShell na kuandika:

Get-WinEvent -FilterHashtable @{LogName='Application'; ProviderName='Application Error'; Id=1000} -MaxEvents 3 | Format-List TimeCreated, Message

Kwa gemu hii rekodi ilisomeka hivi, jina la gemu likiwa limebadilishwa:

Faulting application name: Gemu-Win64-Shipping.exe
Faulting module name: MSVCP140.dll, version: 14.29.30139.0
Exception code: 0xc0000005
Faulting module path: D:\SteamLibrary\steamapps\common\Gemu\Gemu\Binaries\Win64\MSVCP140.dll

Wengi wakifika hapa macho huenda moja kwa moja kwenye Exception code. Wanaichukua 0xc0000005, wanaitafuta mtandaoni, na wanarudi na ushauri wa kila aina, kuanzia kubadilisha RAM hadi kusakinisha Windows upya. Namba hiyo inasema tu kwamba programu imejaribu kusoma au kuandika sehemu ya kumbukumbu isiyoruhusiwa. Ni homa, si ugonjwa. Chanzo kinaweza kuwa draiva, modi (nyongeza ya gemu iliyotengenezwa na watu wengine), kosa la mtengenezaji, RAM mbovu, au DLL (faili la maktaba ambalo programu huazima kazi zake) isiyolingana.

Thamani ya rekodi hii iko kwenye mistari mingine. Moduli iliyoanguka ni MSVCP140.dll, yaani maktaba ya kawaida ya C++ ambayo gemu nyingi za Windows zinaitegemea. Toleo lake ni 14.29. Na njia yake, mstari ambao watu huuruka kwa sababu ni mrefu, inaonyesha kwamba DLL iliyopakiwa haikutoka C:\Windows\System32 ambako kifurushi cha Visual C++ huiweka. Imetoka ndani ya folda ya gemu.

Linganisha matoleo mawili. Fungua PowerShell ndani ya folda ya Binaries\Win64 na uandike:

(Get-Item .\msvcp140.dll).VersionInfo.FileVersion
(Get-Item C:\Windows\System32\msvcp140.dll).VersionInfo.FileVersion

La kwanza lilirudisha 14.29.30139.0, la enzi za Visual Studio 2019. La pili lilianza na 14.44. Kompyuta ilikuwa na DLL mpya kabisa mahali pake panapostahili, na gemu haikuwa ikiitumia.

Sababu ni utaratibu wa Windows wa kutafuta DLL. Programu ikiomba DLL kwa jina tu, Windows huangalia kwanza kama ipo kwenye orodha ya KnownDLLs, yaani zile za msingi kama kernel32.dll ambazo siku zote hutoka System32. MSVCP140.dll haimo kwenye orodha hiyo. Inayofuata ni folda ilipo programu yenyewe, na ndipo System32 inapofikiwa. Faili lenye jina hilo likiwa limekaa kando ya exe, yaani faili la programu yenyewe, hilo ndilo litakalopakiwa, hata likiwa la zamani kiasi gani.

Kumbuka pia kwamba kwenye gemu za Unreal, exe unayoiona juu kabisa ya folda mara nyingi ni kianzishio kidogo tu. Exe halisi, ile yenye jina linaloishia na -Win64-Shipping, iko ndani zaidi kwenye Binaries\Win64. Anayekagua folda ya juu pekee hataona kitu.

Kwa nini DLL ya zamani inaua gemu mpya

Jina MSVCP140 halijabadilika tangu Visual Studio 2015. Matoleo ya 2017, 2019 na 2022 yote yanatumia jina hilohilo, na ndiyo maana kifurushi kimoja kinatosha. Ila Microsoft imeweka sharti moja: DLL iliyopo kwenye kompyuta lazima iwe ya toleo sawa na kompaila (chombo kinachogeuza msimbo kuwa programu) iliyojenga programu, au mpya zaidi yake. Programu ya zamani juu ya DLL mpya inafanya kazi. Kinyume chake hakina dhamana.

Kwa muda mrefu waliovunja sharti hili hawakuadhibiwa, na ndiyo maana wengi hawalijui. Mambo yalibadilika na Visual Studio 2022 toleo 17.10, lililotoka Mei 2024. Badiliko lenyewe linahusu std::mutex, ambayo ni kufuli la kuzuia nyuzi mbili za programu, yaani kazi zake zinazokwenda sambamba, zisiguse data moja kwa wakati mmoja. Awali, kufuli likiundwa, programu iliiita MSVCP140.dll ilitayarishe, na DLL iliandika ndani ya kufuli anwani ya jedwali la kazi zake. Kuanzia 17.10 kufuli hutayarishwa na kompaila mapema, bila kuiita DLL, na sehemu ya ile anwani hubaki sifuri. DLL mpya inajua hivyo na haina haja nayo. DLL ya 14.29 haijui. Inapoombwa kufunga kufuli, inakwenda kuchukua anwani, inakuta sifuri, inajaribu kusoma kumbukumbu ya sifuri, na Windows inaikata hapohapo kwa 0xc0000005.

Ukiwa na faili la dampo (nakala ya kumbukumbu ya programu ilipoanguka) na WinDbg, kifaa cha Microsoft cha kulisoma, utaliona jambo hili kwa macho. Amri ya !analyze -v inaonyesha mtiririko wa miito ukiishia mtx_do_lock ndani ya MSVCP140, na lmvm msvcp140 inatoa njia na toleo la faili lililopakiwa. Dampo likikosekana, unda ufunguo wa LocalDumps kwenye rejesta chini ya HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Microsoft\Windows\Windows Error Reporting, kisha iangushe gemu mara moja zaidi. Usipobadilisha mpangilio, dampo hukaa %LOCALAPPDATA%\CrashDumps.

Hii pia inaeleza kwa nini dirisha halikuwahi kutokea. Unreal huanzisha nyuzi nyingi tangu mwanzo kabisa, na nyuzi zinahitaji kufuli. Gemu inakufa kabla haijafika kwenye kazi ya kuchora, na mara nyingi kabla hata logi yake yenyewe, ile ya %LOCALAPPDATA%\Gemu\Saved\Logs, haijaandikwa chochote cha maana.

Na mwenye kompyuta alisema kweli: hakugusa chochote siku ile. Faili lilikuwa limekaa hapo kwa muda mrefu. Watengenezaji wakati huo walikuwa wanatumia kompaila ya zamani, kwa hiyo 14.29 iliwatosha. Walipohamia kompaila mpya na kutoa sasisho, faili lilelile likageuka kuwa sumu bila kusogea.

Liliingiaje? Tarehe ndizo zilizojibu. Ndani ya folda hiyo andika:

Get-ChildItem *.dll | Sort-Object CreationTime | Format-Table Name, CreationTime, LastWriteTime

Tofautisha safu mbili hizo. LastWriteTime kwa kawaida husafiri na faili, hata likinakiliwa, kwa hiyo inaelekea kukwambia lilitengenezwa lini. CreationTime inakwambia limetua lini kwenye folda hii. DLL karibu zote zilikuwa na CreationTime ya siku gemu ilipopakuliwa upya. Nne zilikuwa za zamani zaidi ya hapo: msvcp140.dll, vcruntime140.dll, vcruntime140_1.dll na dxgi.dll. Mafaili yaliyoikuta siku ya kusakinisha upya yakiwa tayari ndani hayawezi kuwa yameletwa na usakinishaji huo. Yalitoka kwenye kifurushi cha modi ya kuboresha picha, ambacho mtengenezaji wake alibeba DLL za Visual C++ pamoja na modi yake ili asisumbuliwe na watu wasio nazo.

Kile ambacho kila dawa haikukifikia

Uhakiki wa Steam unalinganisha mafaili na orodha ya mafaili yanayotakiwa kuwepo. Linalokosekana hurudishwa, lililoharibika hubadilishwa. Faili la ziada, lisilo kwenye orodha, haliguswi. Kwa Steam gemu hii ilikuwa sawa kabisa, na kwa kipimo chake haikukosea.

Kuondoa gemu kunafuata orodha hiyohiyo. Mafaili ya ziada hubaki, folda hubaki kwa sababu si tupu, na upakuaji mpya unarudi kumwagwa palepale. Watu hupoteza GB nyingi za intaneti kwa hatua hii wakiamini wameanza upya, kumbe kilichobaki nyuma ndicho chenye kosa. Ukitaka kuanza upya kwelikweli, baada ya kuondoa gemu ingia steamapps\common na ufute folda yake kwa mkono. Hakikisha kwanza kwamba hazina za mchezo wako (save) haziko humo. Kwenye Unreal kwa kawaida ziko %LOCALAPPDATA%\Gemu\Saved\SaveGames.

Kifurushi cha Visual C++ kinaandika System32 na SysWOW64 pekee, hakijui folda za gemu. Draiva haikuhusika kwa sababu anguko lilitangulia Direct3D, sehemu ya Windows ya kuchora picha. Haki za msimamizi na hali ya utangamano hazibadilishi mpangilio wa kutafuta DLL. Antivirus haikuwa imezuia kitu.

Kutengeneza

Kwanza hakikisha gemu haiendelei kuendeshwa: fungua Task Manager na ukikuta mchakato wake umening'inia, uusimamishe. Kisha, ndani ya Binaries\Win64, badilisha majina ya DLL tatu za Visual C++. Usizifute bado.

Rename-Item msvcp140.dll msvcp140.dll.zamani
Rename-Item vcruntime140.dll vcruntime140.dll.zamani
Rename-Item vcruntime140_1.dll vcruntime140_1.dll.zamani

Zote tatu kwa pamoja. Ukitoa msvcp140 pekee na kuacha vcruntime140 ya zamani, umeunda mchanganyiko mwingine wa matoleo mawili, na unaweza kupokea kosa tofauti litakalokupoteza njia. Kama kuna ndugu zao, kama msvcp140_1.dll, msvcp140_2.dll au concrt140.dll, nazo zifuate.

Baada ya hapo endesha uhakiki wa Steam. Sasa una swali mahususi la kuiuliza: je, mafaili yatarudi? Zipo gemu ambazo watengenezaji wake huweka DLL hizi ndani ya folda kwa makusudi. Yakirudi, ni ya gemu, na yatarudi kwa toleo sahihi; yaache. Hapa hayakurudi, kwa hiyo yalikuwa wageni.

Kisha hakikisha DLL za System32 ni mpya kwa kusakinisha vc_redist.x64.exe kutoka Microsoft yenyewe. Sakinisha na vc_redist.x86.exe, kwa sababu lancha na programu nyingi ndogo zinazozunguka gemu ni za biti 32. Majina ya folda yanachanganya: kwenye Windows ya biti 64, System32 ndiyo yenye DLL za biti 64, na SysWOW64 ndiyo yenye za biti 32. Ukiombwa kuwasha kompyuta upya, washa.

Kuna njia mbili za mkato ambazo ni bora ziachwe. Ya kwanza ni kunakili DLL mpya kutoka System32 na kuipachika kwenye folda ya gemu. Itafanya kazi leo, lakini umerudisha kosa lilelile kwa tarehe ya baadaye: nakala hiyo haitasasishwa na mtu yeyote. Ya pili, mbaya zaidi, ni kupakua msvcp140.dll kutoka tovuti zinazogawa DLL mojamoja. Hujui toleo, hujui kama ni ya biti 32 au 64, wala hujui kilichoongezwa ndani.

Gemu ilipofunguliwa, dirisha lilitokea, nembo zikapita, kisha ikajifunga tena.

Hapa wengi hukata tamaa na kuandika kwamba "bado tatizo ni lilelile". Sivyo. Rekodi mpya ya tukio la 1000 ilitaja moduli nyingine, dxgi.dll, na njia yake ilikuwa ileile ya Binaries\Win64. Moduli ikibadilika na muda wa kuishi wa gemu ukiongezeka, kosa la kwanza limeisha na umefikia la pili lililokuwa limefichwa nyuma yake. Ndiyo maana rekodi isomwe upya baada ya kila badiliko, na badiliko liwe moja kwa wakati.

dxgi.dll halisi ni ya Windows na inakaa System32. Iliyokuwa kwenye folda ya gemu ni ya modi, imejipa jina hilo ili ipakiwe kabla ya ile halisi, ifanye kazi yake, kisha ipitishe maombi mbele. Modi nyingi hutumia mlango huu, kwa majina kama dinput8.dll, version.dll, winmm.dll au d3d11.dll. Ukiona mojawapo ya hizi kando ya exe na si sehemu ya orodha ya Steam, umekutana na modi. Hii iliandikwa kwa exe ya zamani, na ilikuwa inarekebisha sehemu za programu ambazo baada ya sasisho hazikuwa tena pale ilipozizoea. Ilibadilishwa jina kama zile tatu, na gemu ikafunguka hadi menyu, ikapakia hazina ya zamani, ikachezeka.

Bado uthibitisho ulihitajika, kwa kuwa gemu kufunguka baada ya mabadiliko kadhaa hakusemi ni lipi lililoiponya. msvcp140.dll ya zamani ilirudishiwa jina lake, peke yake. Gemu ikafa papo hapo kwa rekodi ileile ya mwanzo. Ikaondolewa, gemu ikafunguka. Kwa kuongezea, Process Monitor, kifaa cha Microsoft kinachoorodhesha yanayofanywa na programu, iliwekewa kichujio cha jina la exe na operesheni ya Load Image, ikaonyesha MSVCP140.dll ikipakiwa kutoka System32. Kifaa hiki kinafaa hata pale rekodi ya Windows inapokuwa haieleweki, kwa kuwa kinataja kila DLL na folda ilikotoka.

Rekodi yako ikisoma vingine

Dalili hii ya kubofya na kurudi ina sababu nyingi, na utaratibu wa kusoma ni uleule. Moduli ikiwa nvwgf2umx.dll au nvoglv64.dll, hiyo ni draiva ya NVIDIA; amdxx64.dll au atidxx64.dll ni ya AMD. Hapo ndipo kuondoa draiva kwa DDU (Display Driver Uninstaller) ukiwa kwenye Safe Mode na kuweka nyingine kuna maana, na wakati mwingine toleo la nyuma ndilo linalosaidia kuliko jipya. GameOverlayRenderer64.dll ni tabaka la Steam linalochora juu ya gemu, RTSSHooks64.dll ni la RivaTuner. Zima tabaka husika ujaribu tena.

Msimbo 0xc000007b karibu kila mara ni DLL ya biti 32 iliyoingia kwenye programu ya biti 64 au kinyume chake. 0xc0000135 ni DLL iliyokosekana. 0xc000001d ni prosesa kupewa agizo isilolijua, na kwa kompyuta za zamani mara nyingi ni AVX au AVX2. Hakuna mpangilio wa Windows utakaoongeza uwezo huo. Ukiona 0xe06d7363 pamoja na KERNELBASE.dll, usiilaumu KERNELBASE: gemu yenyewe imetupa kosa la C++ na hakuna aliyelidaka, kwa hiyo maelezo yatafute kwenye logi ya gemu. Vivyo hivyo ntdll.dll yenye 0xc0000374 ni mahali uharibifu wa kumbukumbu ulipogunduliwa, aliyeuharibu alishapita.

Moduli ikibadilika kila ukijaribu, mara ntdll, mara draiva, mara exe, acha kutafuta faili na geukia mashine. Ingia BIOS, zima XMP au EXPO (mipangilio inayoongeza kasi ya RAM), rudisha kasi ya kiwandani, kisha pima RAM kwa MemTest86. Kwa wenye prosesa za Intel Core za kizazi cha 13 na 14 za kompyuta za mezani kuna la ziada: Intel ilikiri mwaka 2024 kwamba baadhi zilikuwa zikipoteza uthabiti kwa sababu ya volteji, na ikatoa mikrokodi (maagizo ya ndani ya prosesa) ya 0x12B kupitia masasisho ya BIOS. Kwenye gemu za Unreal udhaifu huo ulijitokeza kwa ujumbe wa kudanganya unaodai kumbukumbu ya kadi ya grafiki imejaa, wakati kadi haina neno. Sasisho huzuia uharibifu usiendelee, haliponyi prosesa iliyokwishaharibika. Hiyo inahitaji kubadilishwa kwa dhamana.

Na kama hakuna rekodi ya tukio la 1000 kabisa, huenda gemu haikuanguka, bali imejifunga yenyewe au imezuiwa. Angalia programu ya kuzuia udanganyifu, angalia karantini ya antivirus, na angalia Controlled folder access ya Windows Defender, ambayo ikizuia gemu kuandika kwenye Documents huacha tukio namba 1123 kwenye logi ya Defender.

Kurudisha yaliyobadilishwa

Gemu ikishafunguka, majaribio ya mwanzo yanapaswa kufutwa, kwa sababu yanabaki na athari zake. Washa antivirus. Bofya kulia exe, fungua Properties, kisha Compatibility, na uondoe alama ya Windows 8 na ya kuendesha kama msimamizi. Hali ya utangamano huidanganya programu kuhusu toleo la Windows, na gemu mpya inaweza kukataa kufunguka kwa sababu hiyo hapo baadaye. Gemu inayoendeshwa kama msimamizi nayo huweza kukataa kupokea programu nyingine zisizo na haki hizo, kama za kurekodi. Kama uliandika vigezo kwenye Launch Options za Steam, vifute. Kama uliweka LocalDumps, ufute ufunguo huo usije ukajaza diski kwa madampo ya programu nyingine.

Mafaili yenye jina la .zamani yaache siku chache, kisha yafute. Anayeitaka tena ile modi asubiri toleo lililotolewa baada ya sasisho la gemu, afungue zipu yake kabla ya kunakili chochote, na akikuta ndani yake msvcp140.dll au vcruntime140.dll, anakili vingine vyote aziache hizo.